Kesi ya chungu mbele ya jiko la gesi

Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uzinduliwe Mei 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, chungu cha udongo kimejikuta kizimbani pamoja na kuni na mkaa. Kitetee mjini Mbeya au Iringa uone: kinakula mkaa, kinapasuka, hakitakati, kwenye gesi hakikai. Mashabiki wake nao wana wimbo wao, kwamba chungu ni dawa na sufuria ni sumu. Pande zote mbili zinakizungumzia chungu kama watu waliokiona ukutani kwenye mgahawa.

Shtaka la mkaa ndilo zito, tuanze nalo. Ni kweli chungu huchelewa kuchemka. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara mia kuliko udongo uliochomwa, na chungu ni kizito. Lakini deni lenyewe linahesabika. Chungu cha kilo 3, kikipata moto hadi maji yachemke, kimemeza joto ambalo lingechemsha mililita 640 hivi za maji. Sufuria ya nusu kilo imemeza la mililita 100 na kidogo. Kwa hiyo anayepika lita 3 kwenye chungu ni kama kaongezewa zaidi ya nusu lita ya kuchemsha, na moto mwingine humpotea pembeni wakati joto likipenya ukuta polepole. Kwa chai ya watu wawili huo ni upotevu mtupu. Chai, ugali na mayai viachiwe sufuria, na hapo sioni cha kubishana. Kwa maharage, kande au kongoro la saa tatu, deni hilo lina njia ya kulipwa, na huku kwetu nyanda za juu njia hiyo ni pana kuliko pwani.

Mbeya mjini iko kwenye kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, maji huchemka nyuzi moja chini zaidi. Dar es Salaam yanachemka kwenye nyuzi 100, Mbeya kwenye 94, Njombe kwenye 93 na kitu. Uchochee upendavyo, chombo kisicho na shinikizo hakitavuka hapo. Mkaa unaoongezwa baada ya maji kuchemka hauharakishi maharage hata kidogo. Unafukuza mvuke, maji yanakauka, unaongeza mengine, na hayo nayo yanadai mkaa wake. Ukipita jioni kwenye nyumba nyingi utaona sufuria nyembamba ikirusha kifuniko juu ya jiko lililojaa hadi ukingoni, na mpishi anaamini kwamba anawahi. Hawahi. Maharage ya nyanda za juu yanaivishwa na kukaa muda mrefu kwenye nyuzi 94 hizo, na kukaa huko kunataka moto mdogo sana. Sufuria nyembamba haiwezi kazi hiyo vizuri: moto ukipungua inazima kutokota, ukizidi kidogo inaunguza chini. Chungu kikishashika joto hutokota juu ya makaa manne yaliyofunikwa majivu, na ukikiepua kinaendelea kuchezacheza kwa dakika kadhaa bila moto wowote. Kikiingizwa kwenye kapu lenye majani makavu ya mgomba na kufunikwa blanketi, kande iliyokwisha kulainika humalizikia humo.

Neno moja la hadhari hapa, kwa sababu moto mdogo una hatari yake. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo uvuguvugu hauivunji. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya, kisha yachemke kwelikweli kwa nusu saa kabla ya kupunguza moto au kufikiria kapu.

Sasa haki ya upande wa pili. Presha kuka, ya jikoni au ya umeme, huvuka nyuzi 110 hata Makete milimani, na maharage yaliyokuwa yakidai saa tatu huiva chini ya saa moja. Hakuna chungu kitakachoshindana na hilo kwa muda wala kwa nishati. Mtetezi wa chungu asiyelikubali hili anapoteza wakati wa wasomaji wake. Kilichobaki kuuliza ni kama baada ya hapo chungu kina kazi jikoni, na ili kujibu lazima tulichambue shtaka la kupasuka.

Chungu cha kupikia hakichomwi hadi udongo ukawa kama kioo. Mfinyanzi huacha chembechembe za mchanga kwenye udongo, au husaga vigae vya vyungu vilivyovunjika akachanganya, kisha huchoma kwa moto wa wazi. Matokeo yake ni ukuta wenye matundu madogo mengi. Moto ukipiga upande mmoja, ufa mdogo huanza, ukakutana na tundu au punje ya mchanga, ukaishia hapo. Weka sahani ya kauri laini juu ya makaa uone: ufa hukimbia kutoka ukingo hadi ukingo. Matundu hayohayo ndiyo yanayokunywa mafuta, yanayotoa jasho na yanayotunza harufu ya dagaa wa juzi. Anayetaka chungu kisichonyonya chochote anaomba chungu kitakachopasuka jikoni.

Na vinavyokipasua vinajulikana. Cha kwanza ni maji yaliyojificha ukutani. Chungu kilichooshwa usiku huonekana kikavu alfajiri, kumbe ndani ya udongo bado kina unyevu. Kikiwekwa juu ya moto mkali, unyevu huo unageuka mvuke unaotaka nafasi zaidi ya mara elfu, na haupati njia. Dalili yake ni kipande cha duara, kama sarafu, kinachobanduka kitakoni kwa mlio mdogo. Wengi hukiona wakadhani udongo ulikuwa mbovu. Cha pili ni maji baridi. Juni na Julai, maji ya bomba ya Makete au Njombe yanauma vidole. Ukiyamimina kwenye chungu kinachotokota umekihukumu. Birika la maji ya moto likae kando ya jiko muda wote, na maji yamiminwe katikati ya mchuzi, yasipite ukutani. Cha tatu ni sakafu. Chungu kikitoka motoni hakitui kwenye saruji. Kinatua kwenye kata ya majani makavu au ubao. Cha nne, kukipasha kitupu. Katika yote manne, kinachokiponza chungu kilichozoeshwa si ukali wa moto wenyewe. Kasi ya kubadilika ndiyo inayokiua.

Kukizoesha hakuna uchawi. Kipya kilowekwe ndani ya maji usiku mzima. Vijipovu vitapanda, vikikoma kimeshiba. Kijazwe uji mwepesi robo tatu, yaani viganja viwili vya unga wa mahindi au ulezi kwa lita 4 za maji. Kianze kwenye makaa machache kwa nusu saa, moto uongezwe polepole hadi kitokote, kiendelee hivyo saa nzima, kisha kiachwe kipoe chenyewe hadi asubuhi. Wanga huingia kwenye matundu na kuyaziba kiasi. Mwaga uji, osha, kianike kinywa chini siku mbili. Kazi hii ikirukwa, mchuzi wa kwanza utatoka jasho hadi kwenye jiko, na mpishi atasema kinavuja.

Magadi yakae mbali. Watu huyatia kwenye maharage ili yawahi kulainika, na kweli yanalainika, ingawa vitamini B1 inapotea. Kwa chungu madhara ni mengine: chumvi yake huingia ukutani, ikikauka huota fuwele ndani ya matundu, na uso wa chungu huanza kumenyeka kama ukuta wa nyumba uliolowa. Sabuni nayo hunywewa na kurudishwa kwenye mboga ya kesho. Maji ya moto, dodoki na majivu yaliyochekechwa vinatosha.

Ama gesi. Hapa walalamikaji wana hoja, ila wameikuza. Mwali wa gesi hupiga duara dogo wakati mabega ya chungu yako baridi, na kitako cha mviringo kilichofinyangiwa mafiga huyumba juu ya vyuma vya jiko. Ushauri wa kununua chenye kitako bapa una kasoro yake: pale kitako kinapokunja kona ndipo ufa hupenda kuanzia, ilhali mviringo hugawa mvutano sawasawa. Afadhali pete ya chuma ishike chungu cha mviringo, au kikaango kizito cha chapati kilale chini ya chungu bapa ili kisambaze mwali. Chakula kiwemo kabla ya kuwasha. Moto wa chini kabisa kwa dakika 15, kisha wa kati, usipite hapo. Ni kweli kikaango hicho nacho kinakula gesi. Kupika maharage mabichi hadi yaive kwa mtindo huu ni kuchoma pesa, na jiko la umeme la sumaku halitakitambua chungu kabisa.

Ndiyo maana mpangilio unaonielekea ni huu: presha kuka ilainishe maharage, chungu kimalizie. Kipashwe kwanza kwa maji ya moto, yamwagwe, maharage yaingie yakiwa yanachemka, pamoja na kitunguu, nyanya na karanga zilizotwangwa au tui. Nusu saa ya moto mdogo inatosha. Karanga, ambazo kwenye sufuria nyembamba hugandamana chini dakika ukigeuka, kwenye ukuta wa udongo hazipati sehemu kali ya kuungulia, na mvuke unaotoka kwenye matundu hukazisha rojo taratibu. Ile inayoitwa ladha ya chungu kwa sehemu kubwa ni hiyo: kutoungua, na rojo lililopungua bila haraka. Mbalaga ya ndizi na nyama kule Rungwe hufaidi namna hiyohiyo.

Kuhusu dawa na sumu, nitapita haraka. Vyakula vichachu kama nyanya na ndimu huchukua alumini kidogo kutoka kwenye sufuria, na ni busara kutoulaza mchuzi wa nyanya humo. Kuiita sumu ni kutia chumvi. Chungu kisichopakwa chochote kinakwepa hilo, lakini kile kilichopigwa rangi ya mafuta au vanishi kwa ajili ya sebuleni kisipande motoni hata mara moja.

Kinachosumbua zaidi Tukuyu, ambako mvua haikatiki, ni ukungu. Chungu kikifunikwa na kusukumwa chini ya meza, baada ya wiki moja kina manyoya ya kijani. Sugua, chemsha maji yenye ndimu ndani yake, anika juani, na kikae bila kifuniko. Unga mweupe wa nje ni jambo jingine: ukiupitishia kitambaa chenye maji ukatoweka, kisha ukarudi kikikauka, hiyo ni chumvi ya udongo, haina neno.

Mashtaka mengine ni ya barabara. Vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa Ikombe, huvushwa kwa mitumbwi Ziwa Nyasa hadi soko la Jumamosi la Lyulilo, karibu na Matema, ndipo vipakiwe kwenye malori kwenda Tukuyu na Mbeya. Kimoja kikigongana na kingine njiani hupata ufa usioonekana, na lawama humwangukia mfinyanzi au moto. Kabla ya kulipa, kiinue kwa kiganja kimoja kitakoni na ukigonge kwa kifundo cha kidole sehemu tatu. Kizima hulia kama kengele iliyofunikwa kitambaa. Chenye ufa hujibu kwa sauti butu, fupi. Ukikitilia shaka, mwombe muuzaji maji ukijaze. Jasho la kuenea pande zote ni la kawaida kwa chungu kipya. Tone moja unalolifuta likarudi palepale ni ufa, na hicho kirudishe kwenye rundo.