Bweni, bibi na dada wa kazi: nani analea mwanafunzi wa Dodoma?

Tangu Machi 2023, kwa waraka wa Serikali, mtoto aliye chini ya darasa la tano haruhusiwi kulala bweni, labda shule yake ipate kibali maalumu cha Kamishna wa Elimu. Sababu inaeleweka hata na asiyeusoma waraka wenyewe: mtoto mdogo alelewe kwao, awazoee wazazi na jamii yake, na wao wamzoee. Nani atalipinga hilo? Hapa Dodoma walikuwapo waliolipinga, na hawakuwa wazazi wasiojali.

Huu ni mji wa waliohamia. Uamuzi wa kuufanya makao makuu ulipitishwa 1973, ukasinzia miaka mingi, ukaamshwa 2016, na baada ya hapo wizara zikaanza kumiminika. Watumishi wakafuata kazi. Familia zao, baadhi zikafuata, baadhi zikabaki. Yuko baba aliyepanga chumba na sebule Ilazo, mke na kazi yake wakiwa Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze 2024, ndoa ya namna hiyo imepata nafuu ya Ijumaa jioni, lakini Jumatatu hadi Alhamisi mtoto bado ana mzazi mmoja tu, popote alipo. Yuko pia mama anayelea peke yake, anakaa Nkuhungu na ofisi yake iko mbali, kwenye mji wa Serikali wa Mtumba. Anaondoka jua halijachomoza, anarudi limezama. Kwa mama huyu bweni lilikuwa na maana ya uji wa saa nne, maji ya kuoga, taa inayowaka jioni na mtu mzima aliye macho. Hesabu yake haikuwa ya kumkwepa mwanawe, ilikuwa ya kumtafutia vitu ambavyo yeye hana saa za kuvitoa.

Baada ya marufuku, wazazi wengi wa aina hii walikimbilia basi la shule. Basi linapita saa kumi na moja alfajiri, mtoto anapandishwa akiwa nusu usingizini, shati halijachomekwa, anamalizia kulala kwenye kiti. Jioni anashushwa akiwa hoi. Anakula, anaoga, analala. Mtu akiniuliza mtoto huyu amepata nini kwa kulala nyumbani, jibu langu linachelewa kidogo.

Hata hivyo naunga mkono marufuku ile, na sababu yangu ni moja. Mtoto wa miaka saba hajui kusema ana huzuni. Anasema tumbo linauma. Wa kutofautisha tumbo la uji mbichi na tumbo la hofu ni yule anayemwona kila siku, anayejua Jumanne alikula vizuri na Jumatano akasusa. Matroni mwenye watoto wengi, hata awe na huruma kiasi gani, anatoa panadoli na kwenda kitanda kinachofuata. Baya likimpata mtoto bwenini, na tumesikia ya kutosha, linaweza kukaa hadi likizo ndipo ligundulike. Kwa umri ule, naona hilo ni bei kubwa mno kuilipia uji na taa.

Ubishi wa nyumba na shule haukuanza kwetu. Mwaka 1966 nchini Marekani, ripoti iliyoongozwa na James Coleman ilionyesha kwamba tofauti za matokeo ya wanafunzi zilielezeka zaidi kwa hali ya nyumbani walikotoka kuliko kwa vifaa vya shule. Wengi wakalichukua hilo kama sheria ya dunia nzima. Kisha 1983 Stephen Heyneman na William Loxley wakalinganisha nchi 29 na kukuta picha nyingine: kadiri nchi ilivyokuwa maskini, ndivyo ubora wa shule na walimu ulivyoonekana kuwa na nguvu kuliko hali ya nyumbani. Heyneman alikuwa ameanzia Uganda, kwa jirani zetu. Ukikaa na jambo hili halishangazi. Kijiji ambacho nyumba zote hazina kitabu, wala hakuna anayemzidi mwenzake sana, anayeleta tofauti ni mwalimu anayefika darasani na mwalimu asiyefika.

Ninavyoona, Dodoma ya leo inabeba picha zote mbili ndani ya mkoa mmoja. Mjini, Area D na Kisasa, kuna nyumba zenye rafu ya vitabu, twisheni ya Jumamosi na baba anayeuliza wastani wa Hisabati. Huko maneno ya Coleman yanakaa sawasawa. Nenda Chemba au Bahi ndani kabisa, utakuta mtoto ambaye kitabu pekee alichowahi kukishika ni cha shule, na Kiswahili chenyewe amekianza vizuri darasani, kwa kuwa nyumbani ni Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Huyo mwalimu akikosa, amekosa vyote. Kwa hiyo ninaposikia mtu kwenye semina pale mjini akisema matokeo mabaya ya vijijini ni "uzembe wa wazazi," huwa naona amebeba kipimo cha Area D kwenda kupimia Chemba.

Lakini kaya hiyo ya Bahi ina kitu ambacho nyumba ya Ilazo haina. Ina watu. Bibi yupo, baba mdogo yupo, shangazi amerudi kwao, watoto wanane wanakula ugali wa uwele na mlenda kwenye sinia moja. Mtoto akinuna kuna wa kumtania mpaka acheke. Wanaosema watoto wa kulelewa na bibi wanadeka wana ukweli wao, ila sijaona mtoto wa bibi aliyekaa siku tatu bila mtu kugundua kwamba hazungumzi. Nisije nikaipamba mno: kaya hiyohiyo, uwele ukianza kukomaa, inamtuma mtoto shambani kuamia ndege, na kweleakwelea hawasubiri kengele ya mchana. Kijana wa kiume anapewa ng'ombe. Binti anabebeshwa dumu, na kisima hakiko mlangoni. Wanaotetea kazi hizi kuwa ni malezi nawaunga mkono Jumamosi nzima. Jumatatu saa mbili asubuhi siwaungi mkono.

Na umaskini una tabia ya kujivika nguo za uzembe. Mwaka 2010 TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, ilianza kulipa ruzuku kwa majaribio katika wilaya tatu, Bagamoyo, Kibaha na Chamwino yetu hii, kwa masharti kwamba watoto waende shule na kliniki. Tathmini iliyofanyika baadaye ilionyesha mengi, lakini lililonigusa ni dogo: watoto wa kaya zile walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na viatu. Anayeijua ardhi ya Chamwino na mbigili zake haulizi viatu vinahusiana vipi na mahudhurio. Mzazi aliyekuwa anaitwa mzembe mwezi uliopita, mwezi huu amemnunulia mtoto ndala. Hakuhudhuria semina yoyote katikati. Jambo hili linawapunguzia nguvu wanaoamini kwamba dawa ya kaya dhaifu ni kumtoa mtoto kwenye kaya hiyo, maana wakati mwingine kaya inatosha kabisa ikipewa kidogo.

Sasa turudi mjini, kwa mtu ambaye katika mjadala mzima wa bweni sijasikia akiulizwa: dada wa kazi. Marufuku ya 2023 kwa vitendo ilimkabidhi yeye watoto. Mara nyingi ni binti kutoka Kondoa au Singida ambaye shule yake iliishia njiani. Ndiye anayempokea mtoto kwenye basi, ndiye anayempa chakula, na ndiye anayewekewa mbele daftari la homuweki lililoandikwa Kiingereza tupu, kwa kuwa shule ni ya Kiingereza na ada yake ni kubwa kuliko mshahara wake wa miezi mingi. Mtoto akikosea, mwenye nyumba anamgombeza dada. Nimemwona mmoja mtaani kwetu akikaa chini barazani na mtoto wa darasa la kwanza, wote wawili wakitamka herufi kwa sauti, na sikuweza kujua ni nani anamfundisha mwenzake. Mtu anayetaka kujua mtoto wa Dodoma mjini analelewa vipi, aanzie hapo: dada analala wapi, analipwa kwa wakati, anaongeleshwa vipi mbele ya mtoto. Sera inasema mtoto alale kwao ili awe na wazazi. Saa zenyewe, kuanzia saa kumi hadi saa mbili usiku, yuko na binti huyu.

Ninapohofia kwamba tumelitazama jambo hili kwa jicho moja ni nikifikiria upande mwingine wa umri. Waraka uliwagusa zaidi watoto wadogo wenye wazazi wanaomudu ada ya bweni. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, jambo kubwa kweli, lakini umbali haukuondolewa. Sekondari ya kata inaweza kuwa moja, vijiji vikatawanyika, na wafugaji wakakaa mbali zaidi ya vijiji vyenyewe. Hosteli ikikosekana, mwanafunzi anapangishiwa chumba karibu na shule. Wenyewe wanakiita geto. Binti wa miaka kumi na minne anajipikia, anafunga mlango kwa komeo la mbao, anajisimamia. Hapa hoja ya bweni inageuka kabisa mikononi mwangu: kwa binti huyu hosteli yenye matroni mmoja na mlango wa chuma ni malezi zaidi kuliko anayoyapata sasa, na wazazi wa vijijini wanaochangia tofali kuijenga wanalijua hilo vizuri kuliko sisi wa mjini tunaobishana.

Jumapili alasiri, kwenye njia za vumbi za Bahi, utawakuta wakitembea wawiliwawili kurudi geto, unga wa wiki kichwani, kidumu cha mafuta ya kupikia mkononi na madaftari ndani ya mfuko wa rambo. Waraka wa 2023 hauwahusu. Darasa la tano walishalivuka.