Wasichana tulipangwa foleni, wavulana wakacheza mpira

Mwanangu wa kiume ana miaka 12, yuko darasa la sita hapa Borlänge, mji mdogo wa Sweden ninakoishi mwaka wa 13 sasa. Wiki iliyopita alirudi shule, akala, akaomba kuongezwa, halafu kwa sauti ileile aliyoombea chakula akaniuliza: "Mama, wewe nani alikufundisha habari za hedhi na mimba?" Ilikuwa kazi ya nyumbani. Darasa zima, wavulana kwa wasichana, walitumwa kumuuliza mtu mzima swali hilo.

Nilimjibu nusu tu. Jibu zima naliandika hapa.

Mwaka 2008 nilikuwa kidato cha pili kwenye shule ya kata wilayani Urambo, Tabora. Kila tulipotoka likizo, siku ya kwanza wasichana tulipangwa foleni nyuma ya stoo ya majembe. Unaingia mmoja mmoja, unapandisha shati la sare, matroni anakubonyeza chini ya kitovu kwa vidole viwili, anakutazama usoni, anasema "haya, nenda." Vidole vyake vilikuwa vya baridi, nakumbuka mpaka leo. Na muda wote tuliokuwa kwenye foleni tulisikia mpira ukidunda uwanjani. Wavulana walikuwa wanacheza. Hakuna aliyewaita.

Julai ile mwenzangu wa dawati hakuambiwa nenda. Alikuwa na miaka 15. Kwao kulikuwa mbali, kama kilomita tisa, na kijana mmoja wa kijijini alikuwa akimpakia kwenye baiskeli asubuhi na kumrudisha jioni. Mwenzangu hakuwa na hela ya kumlipa. Wazee wakakutana, wakamalizana kwa ng'ombe wawili. Kijana akaenda Kaliua kulima tumbaku, mwenzangu akafukuzwa shule. Mada ya uzazi kwenye Biolojia tuliikuta kidato cha tatu. Niliisoma nikiwa nimekaa peke yangu kwenye lile dawati.

Hakuwa peke yake hata kidogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta kwamba Tabora asilimia 43 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Wastani wa nchi ulikuwa 27. Utafiti wa 2022 unaonyesha wastani huo umeshuka hadi 22, na nashukuru, lakini bado ni zaidi ya binti mmoja katika kila watano.

Huku nilipo elimu ya ujinsia ni ya lazima shuleni tangu 1955. Kliniki ya kwanza ya vijana nchini ilifunguliwa hapahapa Borlänge, mwaka 1970. Binti au kijana anaingia bila kulipa, anamkuta mkunga, anauliza lake, na mkunga hampigii mama yake simu. Linganisha na zahanati ya kijijini kwetu, ambako muuguzi anaimba kwaya na mama yako na swali lake la kwanza ni "umeolewa?" Nani atarudi mara ya pili?

Sitaficha upande wa pili. Sweden utoaji mimba ni halali, na baadhi ya mimba za mabinti huishia huko, kwa hiyo uchache wa watoto wanaozaliwa na mabinti hautokani na masomo peke yake. Wala si kila ninachokiona huku ningependa kukibeba kukipeleka Tabora. Mimi mwenyewe niliposikia mara ya kwanza kwamba mwanangu atafundishwa mambo haya, sikulala. Jirani yangu Msomali naye hivyohivyo. Tukaenda shuleni pamoja, mwalimu akatufungulia kitabu ukurasa kwa ukurasa. Nilitegemea kuona uchafu. Kurasa nyingi zilikuwa za kumfundisha mtoto kusema hapana, na za kumfundisha mwingine kuisikia hiyo hapana. Nilikaa kwenye kile kiti kidogo cha mtoto nikamkumbuka yule kijana wa baiskeli. Jambo hilo yeye aliambiwa na nani? Baba yake? Mwalimu? Shekhe?

Hapo ndipo ninapotofautiana na mjadala wa nyumbani. Kaka yangu ananiambia, "Dada, mnataka kuwafundisha watoto umalaya." Simdharau, ana mabinti na anaogopa. Lakini mabinti wake wanafundishwa tayari, na bodaboda anayewapa lifti na chipsi mayai, na video za kwenye simu za wenzao. Na sisi hata tunapojitahidi kuonya, tunamwonya binti tu. Jihadhari na wavulana, funga miguu, usitutie aibu. Mvulana hatumwambii neno. Tunamwacha akue, halafu sheria ndiyo inakuja kuongea naye kwa mara ya kwanza, na inamwambia miaka 30 jela.

Maana sheria tunazo. Kifungo hicho cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi kiliwekwa mwaka 2016. Sheria ya 1998 inasema kulala na binti wa chini ya miaka 18 ni ubakaji. Sheria ya Ndoa ya 1971 ikaruhusu aolewe akiwa na 15 wazazi wakikubali, mpaka Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba hilo linavunja Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019. Juni 2017 Rais Magufuli alisema aliyezaa harudi shule. Novemba 2021 Waziri Ndalichako akatangaza kwamba anarudi. Nililia siku ile, nikamwaza mwenzangu. Lakini yote hayo yanaanza kazi tumbo likishaonekana.

Wanaosema haya ni mambo ya wazungu nawaomba wakitazame Chuo cha Maendeleo ya Wananchi pale Urambo. Vyuo vile Serikali ya Mwalimu Nyerere ilivianzisha mwaka 1975 kwa kuiga vyuo vya wananchi vya huku Sweden, tukavifanya vyetu. Leo mabinti waliokatishwa masomo kwa mimba wanasomea humo, watoto wao wakilelewa palepale. Tulichukua kilichotufaa.

Somo peke yake halitoshi, najua. Binti anayetembea kilomita tisa, au aliyepangishiwa geto karibu na shule akiwa na miaka 14 bila mtu mzima, anahitaji bweni kabla ya kitabu. Bweni lijengwe. Ila hata kwenye bweni la wasichana, mvulana yuko nje bado hajaambiwa kitu.

Julai nakuja nyumbani. Kaka ana vijana wawili pia, wa miaka 14 na 16, na nimemwomba ruhusa ya kukaa nao chini ya mwembe jioni moja, niwaulize swali lile la mwanangu. Kaka bado anafikiria. Mama nilimpigia jana, nikamwamkia, nikamweleza. Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akasema, "Njoo uwaambie, mwanangu. Mimi nitakuwa jikoni, nitasikia."