Kubaki nako ni ukubwa

Kuna wakati mtu mmoja akienda Ulaya, ukoo mzima ulikodi Hiace kumsindikiza uwanja wa ndege. Kina mama wamevaa vitenge vya sare, watoto wamenyolewa upya, na hakosi mjomba mwenye kamera ya filamu. Ndege ikiruka waliifuata kwa macho mpaka ikapotea, kisha wakarudi Temeke na hadithi ya kutosha wiki nzima. Msafiri mwenyewe akirudi, hata kama alikwenda kozi ya miezi mitatu tu, aliitwa mtu wa mamtoni, na neno lake kwenye kikao cha harusi lilikuwa zito kuliko la mwenyekiti.

Heshima hiyo inakwisha, na sioni wa kuirudisha. Naona inahamia kwenye jambo ambalo kizazi changu kilifundishwa kulidharau: kukaa mahali pamoja. Usinicheke kwanza.

Mwaka 1950 watu waliovuka mipaka ya nchi zao kwenda kutalii walikuwa kama milioni 25 dunia nzima. Mwaka 2024 walifika bilioni 1.4. Jambo linalofanywa na umati wa namna hiyo haliwezi tena kumtenga mtu na jirani zake. Hapa kwetu umati wenyewe ni mdogo, lakini mkondo ni huohuo. Safari za Dubai zinauzwa kwa kulipa kidogo kidogo, kama sofa. Treni ya umeme ilipoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, mji ambao ulikuwa wa mabasi ya tangu alfajiri, au wa ndege kwa waheshimiwa, ukawa wa kwenda asubuhi na kurudi jioni. Mama ntilie anapanda, mwanafunzi anapanda, mbunge anapanda. Nani atamsimulia nani?

Ila mfano ninaoupenda zaidi uko Kariakoo. Miaka ya nyuma mfanyabiashara aliyefika Guangzhou, China, alikuwa habari ya mtaa. Alirudi na mabegi makubwa, simulizi za masoko yasiyo na mwisho, na Kichina cha maneno matatu. Siku hizi anayepanda ndege kwenda kuchagua mzigo mwenyewe mara nyingi ni yule anayeanza, ambaye bado hajapata wakala wa kumwamini. Mkubwa yuko dukani. Anatumiwa picha kwenye simu, anasema rangi hii hapana, ile ndiyo, analipa, na kontena linamkuta palepale alipokaa. Ukitaka kujua nani ana mtaji mtaa wa Kongo, tazama nani hasafiri.

Simu ilipita njia hiyohiyo. Kampuni ya simu ya Mobitel ilipoanza mwaka 1994, kuwa na simu ya mkononi kulikuwa kutangaza cheo, na watu waliiweka mezani ionekane. Leo kila mtu anayo, na mkubwa ni yule ambaye hapatikani.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu huko ndiko nilikoanza kuliona jambo hili. Mimi ni Mchaga wa mjini, mwenye asili ya mlimani Kilimanjaro. Kila Desemba tunafanya tunachokifanya: nauli zinapanda, mabasi ya ziada yanaruhusiwa, Dar inatutania kwamba tumeiacha tupu, na barabara ya Moshi inajaa magari yaliyooshwa. Tukubali ukweli, safari ile kwa miaka mingi ilikuwa maonyesho. Unapanda mlima ili waliobaki wakuone ulivyotoka. Ndiyo maana ukipita Marangu, Kibosho au Rombo utakuta nyumba za vigae na mageti ya chuma ambazo miezi kumi na moja hazina mtu. Zimejengwa na walioondoka, na zimejengwa kwa ajili ya macho ya wasioondoka.

Katika ukoo wetu aliyebaki ni baba yangu mdogo. Kwa mila mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayerithi nyumba ya baba, kwa hiyo wakati kaka zake wanasambaa, Arusha, Dar, mmoja mpaka Marekani, yeye aliachiwa kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, pamoja na wazee wa kuwatunza. Hakuwahi kuwa na pasipoti. Nilipokuwa mdogo alitajwa kwa sauti ya kumhurumia: "huyu naye angepata nafasi..." Wageni wakija alitumwa kuchinja na kuchota mbege, pombe yetu ya ndizi, kisha akakaa pembeni wakati waliosafiri wanazungumza mambo ya dunia.

Miaka ya karibuni mambo yamegeuka, taratibu sana kiasi kwamba hakuna aliyetangaza. Wanaokuja Desemba ndio wanaouliza, na anayejibu ni yeye. Mpaka wetu na jirani uko kwenye masale yapi, ile mimea ya kuonyesha mipaka, haya au yale ya juu yaliyopandwa upya? Kaburi la bibi mzaa babu liko upande gani wa migomba? Zamu yetu ya maji ya mfongo, mfereji wa jadi wa kumwagilia, ni siku gani, na nani tulikosana naye mwaka wa ukame? Vijana wa ukoo, wenye shahada na simu za bei mbaya, wanamfuata nyuma wakipiga picha miti. Yeye ndiye anayegawa nyama, na anajua nani apewe kipande gani bila kuuliza mtu. Anajua pia nani hatakiwi kukaa karibu na nani.

Kihamba chenyewe hakikubali mtu wa kuja na kwenda. Ni shamba la ghorofa: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi na viazi vikuu chini kabisa, ng'ombe zizini akiletewa majani na kurudisha samadi. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliuingiza mfumo huo wa kijiji cha Shimbwe Juu kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2011, nasi tukajivunia tukiwa Sinza. Kuuweka hai kunataka mtu anayeamka pale kila siku. Mgomba haungoji likizo. Mfereji ukibomoka Machi, wa Desemba hana msaada. Kwa hiyo ujuzi wa baba mdogo hauwezi kununuliwa kwa tiketi, na hilo ndilo linaloupa thamani. Uende ukitumia bilioni, utakachopata ni wiki mbili.

Hili si jambo geni katika nchi zetu. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, aliikuta Mogadishu na utaratibu wake: mfanyabiashara akishuka chomboni anachukuliwa na mwenyeji, anafikia kwake, na mwenyeji huyo ndiye anayemuuzia na kumnunulia. Msafiri alikuwa na mali na hadithi, lakini bila mtu aliyekaa hakuuza hata kipande cha kitambaa. Na mwaka 1848 mmisionari Krapf alipotaka ruhusa ya kufanya kazi Usambara, ni yeye aliyepanda milima mpaka Vuga kwa Kimweri, mtawala wa Wasambaa. Mkubwa alikuwa amekaa. Wenye haja ndio waliotembea.

Nakiri kwamba upande wa pili nao una mashahidi. Kwa Wanyamwezi wa karne ya 19, kijana asiyewahi kufika pwani na mzigo kichwani alionekana hajakomaa. Waswahili nao walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure, na hakika anayetembea huokota. Mimi mwenyewe sijutii safari hata moja niliyofanya. Ila methali ile inamsema mkaa *bure*. Mwenyeji wa Mogadishu hakukaa bure, wala baba mdogo.

Ulaya nako mjadala huu upo, kwa sababu zao. Waswidi walianza kuona haya kupanda ndege kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi. Ufaransa ilipiga marufuku mwaka 2023 safari chache za ndani za ndege pale ambapo treni inafika chini ya saa mbili na nusu. Venice ilianza mwaka 2024 kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 siku za msongamano, na mwaka huohuo wakazi wa Barcelona waliwapulizia watalii maji kwa bastola za watoto. Kwa hiyo anayebaki nyumbani kule anaanza kuonekana mstaarabu.

Lakini mtu wa Stockholm akisema "mwaka huu sisafiri", anasema akiwa na pasipoti inayofungua karibu kila mlango. Sisi ada ya kuomba viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, imepanda kufikia euro 90 tangu Juni 2024, hazirudishwi hata ukikataliwa, na utapeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, na wengine mpaka cheti cha ndoa, ili kumshawishi mtu dirishani kwamba utarudi. Aliyenyimwa viza hawezi kujisifu kuwa amechagua kubaki. Ndiyo maana naogopa kidogo sifa hizi za utulivu zinapotoka kwenye midomo ya watu walioshiba safari. Ni rahisi kumsifu aliyebaki ukiwa na tiketi ya kurudi mfukoni, na Desemba sisi sote tunazo.

Kuna jambo zito zaidi ya viza. Wengi wetu hata kukaa hatuwezi. Mpangaji wa Dar anadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwenye nyumba akiamua kupandisha, mpangaji anapakia godoro kwenye Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na kusogea nje zaidi: Sinza, kisha Kimara, kisha Kibamba. Kila anapohama anabadilisha fundi cherehani, kinyozi, genge la kukopa nyanya, na mtu wa kumwachia mtoto. Anayemiliki naye hana uhakika wote. Walioishi kando ya barabara ya Morogoro, Kimara mpaka Kiluvya, waliona nyumba zao zikibomolewa mwaka 2017 kupisha upanuzi. Katika jiji la watu milioni 5.38, kwa sensa ya 2022, anayeweza kusema "nimekaa mtaa huu miaka ishirini na hakuna wa kuniondoa" anasema kitu kikubwa kuliko anayesema ameona Paris.

Na Ngorongoro je? Tangu Juni 2022 familia za Wamasai zimekuwa zikihamishiwa Msomera, Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari, wako wanaosema hiari hiyo ilitengenezwa kwa kubana huduma, na mimi nilivyofuatilia naegemea kwa hao wa pili. Lakini tazama tu picha ilivyo: aliyetoka mbali kuja kuona analipa kiingilio na kukaribishwa, aliyezaliwa pale anapangiwa pa kwenda. Mgeni naye hana raha ya kudumu, siku zake zimehesabiwa kwenye vocha ya hoteli. Mwenye bahati ni wa tatu, anayeweza kukaa na kuondoka kwa saa anayotaka yeye.

Zanzibar wameshalinusa soko hilo. Pale Fumba na ufukweni Paje, kinachotangazwa kwa mgeni mwenye fedha si wiki moja ya pwani tena, ni nyumba yake mwenyewe, pamoja na kibali cha ukaazi. Amekwisha kuwa mtalii, sasa anataka kuwa mwenyeji: ajulikane na muuza samaki, aitwe jina lake msikitini au baa, apande mnazi wake. Simlaumu. Namhurumia zaidi kijana wa Jambiani ambaye kiwanja cha babu yake kimeuzwa ili yule apate kukaa, naye sasa anapanga chumba Mwanakwerekwe na kupanda daladala kila alfajiri kurudi kijijini kwake kufanya kazi.

Kwa hiyo ninaposema kubaki kutakuwa alama ya ukubwa, nataka nieleweke kwamba bei yake itapanda kama bei ya kila kitu kinachoonewa fahari, na watakaoilipa kwanza ni wenye nacho. Mlimani tayari. Vihamba vimegawanywa baba kwa mwana mpaka vingine havizidi kiwanja cha mpira, na wasiokuwa na haja navyo jana, leo wanavikumbuka.

Ndiyo iliyotuleta kwenye mzozo wa ukoo wetu. Baba mdogo ametaka hati ya kimila iandikwe jina lake, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inavyomruhusu. Hajaomba fedha, hajaomba gari. Mara moja heshima tuliyokuwa tukimpa ikapata mipaka. Kaka zake, waliomsifu kwa bia na mbege mwaka hadi mwaka kwamba yeye ndiye nguzo, wakagundua kwamba kihamba ni cha wote, kwamba hati iandikwe majina saba, kwamba kila mmoja amegewe pa kujenga. Nilisema kikaoni kwamba jina liwe moja, la anayelala pale, na sisi wengine tubaki na haki ya kuzikwa na kukaribishwa. Waliokubaliana nami walikuwa wanawake wa ukoo, ambao kwa mila hawakuwa wamepangiwa chochote.

Mwishowe yule wa Marekani akaunganishwa kwa simu, spika ikawashwa, akasema kwa busara nyingi kwamba jambo hili lisiharakishwe, lisubiri mpaka atakapokuja. Baba mdogo akaivuta simu karibu akamuuliza atakuja lini, maana mfongo unasafishwa Jumamosi.