Minisketi, kanga na mitumba: serikali inaweza kutuvalisha?

Kila ukizuka ubishi kuhusu mavazi ya vijana lazima mtu aseme enzi za Mwalimu Nyerere haya yasingetokea. Mi naona wana hoja ila wanasimulia nusu tu.

Mwaka 1968 vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, walitangaza Operesheni Vijana, kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969 minisketi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana ni marufuku. Ukiangalia wakati wenyewe unawaelewa, nchi ina miaka 7 tu ya uhuru, Azimio la Arusha, lile la Ujamaa na kujitegemea, ndo limetoka mwaka uliotangulia, watu wanataka kujiona watu kamili bila kumuiga mkoloni, na kwenye hizo dawa za kujichubua siwapingi hata kidogo maana zimeharibu ngozi za mama zetu wengi.

Sasa shida inaanzia hapa. Hata tarehe haijafika, Oktoba hiyohiyo pale Kariakoo makundi ya vijana wa kiume yakaanza kuwavamia akinadada waliovaa vifupi, hadi waliokuwa kwenye mabasi, mpaka polisi wakaingilia. Jamani, unalindaje heshima ya mwanamke kwa kumdhalilisha barabarani? Na suti na tai za kizungu hazikuwemo kwenye marufuku, yani mzigo wa utamaduni akabebeshwa zaidi dada.

Linganisha na kanga. Unguja mwishoni mwa karne ya 19 mtumwa alivaa kaniki (kitambaa cheusi) au merikani (kitambaa cha pamba kisicho na rangi), utumwa ulipofutwa kisheria 1897 wanawake waliokuwa watumwa wakaanza kujifunga kanga za rangi, kila mtu aone kwamba sasa na wao ni waungwana. Hakuna aliyewaamuru, na mpaka leo kanga ipo, harusini, msibani, kwa mtoto mchanga.

Ila nisiionee ile serikali, kuna kitu ilifanya vizuri sana, viwanda. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilianza 1968 kwa msaada wa China, pamba yetu, kitambaa chetu. Hiyo ndo siasa ya mavazi ninayoiheshimu. Bahati mbaya baada ya vita vya Kagera uchumi ukayumba, madukani hakuna kitu, na milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 80 mitumba ikamwagika, na kila kilichokatazwa kikarudi ndani ya marobota, tena kwa bei ambayo mama mwenye watoto watano anaimudu.

Mwaka 2016 Afrika Mashariki ikapanga kuachana na mitumba ifikapo 2019, Marekani ikakunja uso, wengi wakalegea, Rwanda ikang'ang'ania na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu ya AGOA, mpango wa Marekani wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Mi nawaunga mkono Rwanda kwa nia, ila mitumba inalisha familia nyingi mno, huwezi kuifunga kabla kiwanda hakijamtengenezea huyo mama gauni analoweza kulinunua. Na hilo gauni likipatikana, urefu wake aamue mwenyewe.