Uzio uling'olewa, ukaguzi ukarudi

Kwenye mikutano ya Ulaya husikika sana maneno anayotwishwa Jean Monnet, mmoja wa waasisi wa umoja wao: kwamba kama angeanza upya, angeanza na utamaduni. Hakuna ushahidi kuwa aliwahi kuyasema. Walichoanza nacho yeye na wenzake mwaka 1951 ni makaa ya mawe na chuma, maana asiyemiliki peke yake malighafi ya silaha hapigani kirahisi. Hata hivyo nukuu hiyo haifi, kwa kuwa inagusa hamu ya kweli. Watu wanaweza kuuziana miaka sabini na bado wakaonana wageni.

Wanaoutetea utamaduni wana mfano mzuri. Mkataba wa 1947 uliuacha mji wa Gorizia upande wa Italia, lakini stesheni yake moja ikaangukia Yugoslavia, na mpaka ukapita kwenye uwanja ulio mbele ya stesheni hiyo. Ng'ambo ukajengwa mji mpya, Nova Gorica. Uzio wa pale uwanjani uliondolewa mwaka 2004, Slovenia, nchi iliyotokana na kuvunjika kwa Yugoslavia, ilipojiunga na Umoja wa Ulaya. Mwaka 2025 miji hiyo miwili ikabeba kwa pamoja cheo cha Mji Mkuu wa Utamaduni wa Ulaya, mpango ulioanza Athens mwaka 1985 kwa wazo la Melina Mercouri, mwigizaji aliyekuwa waziri wa utamaduni wa Ugiriki. Fataki za ufunguzi hazinisisimui sana. Kinachonivutia ni halmashauri mbili, zenye lugha mbili na sheria mbili, kulazimika kukubaliana juu ya ratiba moja. Uraia hujifunzwa humo, kwenye vikao vinavyochosha.

Lakini Oktoba 2023, maandalizi yakiwa yamepamba moto, Italia ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Slovenia, ikitaja tishio la ugaidi. Wasanii hawakuulizwa.

Wala wasingeulizwa. Kifungu cha 167 cha mkataba wa uendeshaji wa Umoja kinasema Umoja uchangie kustawi kwa tamaduni za nchi wanachama, kisha kinaukataza kuzifanya sheria za nchi hizo zifanane katika jambo hilo. Fedha nazo ni chache: mpango mkuu wa utamaduni na filamu wa 2021 hadi 2027 una takriban yuro bilioni 2.4. Katika kila yuro 1,000 za bajeti nzima, hazifiki tatu. Kisha tunashangaa matamasha hayajawazuia wapigakura kuvipa nguvu vyama vinavyoichukia Brussels, makao ya Umoja.

Ubahili huo una mantiki yake, na hapa nawaelewa wenye mashaka. Umoja una lugha rasmi 24. Ofisi ikipewa mamlaka ya kusema utamaduni wa Ulaya ni upi, wadogo ndio watakaomezwa kwanza. Na swali lenyewe lina miiba. Rasimu ya katiba ya Umoja ilipoandikwa mwaka 2003 na 2004, Poland na Italia zilitaka Ukristo utajwe katika utangulizi, Ufaransa ikakataa, na mwisho yakabaki maneno yasiyomtaja yeyote. Wafaransa na Waholanzi waliikataa katiba hiyo kwa kura mwaka 2005. Sasa fikiria Matonge, mtaa wa Brussels uliorithi jina la mtaa wa Kinshasa, ambao kutoka Bunge la Ulaya unafika kwa miguu. Mtoto aliyezaliwa pale na wazazi Wakongo waliokwisha kuwa Wabelgiji ni raia kamili. Je, katika “urithi wa Ulaya” amewekwa wapi? Utamaduni ukigeuzwa kipimo cha nani ni mwenzetu, heri tubaki na makaa ya mawe.

Kwa hiyo nauamini utamaduni unapowapa majirani kazi ya kufanya pamoja, na nauogopa unapoanza kugawa vitambulisho. Noti za yuro zinaonyesha ugumu huo. Ili nchi yoyote isinung'unike, zilichorwa madaraja yasiyokuwepo popote; mji mmoja wa Uholanzi, Spijkenisse, ukaamua kuyajenga kwa saruji. Kwa noti mpya, Benki Kuu ya Ulaya iliteua mada mbili za kuchagua: watu mashuhuri wa utamaduni, au mito na ndege. Miongoni mwa watu hao yumo mwanasayansi ambaye Wafaransa humwita Marie Curie, na Wapoland humwita Maria Skłodowska-Curie. Ndege hawana pasipoti.