Serikali Haiwezi Kusaini Daftari la Mwanangu

Mwaka juzi niliitwa shuleni anakosoma mwanangu, wakati huo akiwa darasa la tatu. Mwalimu wake hakuwa na maneno mengi. Alilitoa daftari la hesabu, akawa ananifunulia ukurasa baada ya ukurasa bila kusema kitu. Kosa, kosa, kosa, kwa kalamu nyekundu. Chini ya kila zoezi alikuwa amechora mstari wa sahihi ya mzazi, na kila mstari ulikuwa mtupu. "Mzazi," akaniambia hatimaye, "mtoto amepotea tangu tulipoanza kugawanya. Nimekuandikia humu mara nne."

Nilitahayari. Wiki chache kabla ya hapo, kwenye kikao cha wazazi, mimi ndiye niliyesimama na kusema kwa sauti kuliko wote: serikali imetutupa, madarasa yamejaa, walimu hawatoshi. Watu walinipigia makofi. Na niliyoyasema yalikuwa kweli, siyafuti hata leo. Lakini uhaba wa walimu haukunizuia kufungua daftari. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya sitini mbele yake alipata muda wa kuniandikia mara nne, na mimi mwenye mtoto mmoja tu katika darasa lile sikupata muda wa kusoma hata mara moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kazi ya serikali inaishia wapi na yangu inaanzia wapi. Wengi wetu tunaliona jambo hili kama mchezo wa kuvuta kamba. Anayedai msaada wa serikali anahofu kwamba ukitaja wajibu wa mzazi, unawatafutia wakubwa mlango wa kutokea. Anayehubiri kujitegemea anahofu kwamba msaada utatulemaza. Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989 hauna ugomvi huo. Ibara yake ya 18 inasema wazazi ndio wenye jukumu la kwanza la kumlea mtoto, na papo hapo inazitaka nchi ziwasaidie kulibeba. Mimi naielewa hivi: msaada upo ili mzazi aiweze kazi yake, na kazi yenyewe inabaki kuwa yake.

Kuna jambo lililofanyika Jamaica ambalo kila nikilikumbuka linanipa moyo. Mwaka 1986 na 1987, jijini Kingston, watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri kati ya miezi 9 na 24. Baadhi yao wakawa wanatembelewa nyumbani na wahudumu wa afya ya jamii, saa moja kila wiki, kwa miaka miwili. Mhudumu alikuja na vitu vya kuchezea, akaketi na mama na mtoto, akamwonyesha mama namna ya kucheza na mwanawe na kuzungumza naye. Basi. Miaka 20 baadaye watoto hao, sasa vijana wanaofanya kazi, walikutwa wakipata kipato kinachozidi kwa takriban asilimia 25 kile cha wenzao ambao hawakupata michezo ile. Wiki ina saa 168. Mhudumu alichukua moja, zilizobaki 167 zilikuwa za nyumbani. Msaada wa namna hiyo naupigania kwa nguvu zangu zote, kwa sababu unaingia mlangoni, unamkuta mzazi, unamwachia ujuzi, unaondoka.

Pesa nayo ina nafasi yake. Mexico ilianza mwaka 1997 kuwalipa akina mama wa kaya maskini kwa sharti kwamba watoto waende shule na kliniki, na watoto wengi zaidi, hasa wasichana, wakaendelea na sekondari. Pesa inaweza kumfikisha mtoto darasani. Kumsikiliza jioni akieleza alichokiona huko, hakuna malipo yanayoifanya kazi hiyo kwa niaba yako.

Sasa niseme na wale wa upande wa pili, kwa sababu hawa wananikera zaidi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni rahisi mno kwa mtu aliyeshiba, mwenye kazi ya mchana na usingizi wa usiku, kumwambia mama anayelea watoto watatu peke yake kwamba ajitegemee. Mama huyo anaondoka watoto wakiwa wamelala na kurudi wakiwa wamelala. Anajitegemea kuliko msemaji mwenyewe. Kumnyima shule ya bure, matibabu na mahali salama pa kumwacha mtoto, kisha kumlaumu kwamba hajui maendeleo ya mwanawe, ni ukatili. Wengine hupenda kumkumbusha kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Shule inayojengwa kwa kodi yake si cha ndugu. Ni chake.

Na watoto watatu hao wana baba. Mahakama inaweza kumlazimisha mwanamume atoe matunzo, na ifanye hivyo bila huruma. Ila hakuna hakimu anayeweza kumwamuru akae sakafuni na mwanawe. Hilo alipaswa kulifikiria kabla ya kuzaa, na bado anaweza kulianza leo jioni.

Nyumbani kwangu tulianza na vifuniko vya chupa. Kumi na viwili, mafungu matatu, kila fungu vingapi? Mwanangu alivipanga, akavivuruga, akavipanga tena. Siku ya tatu nikamwongezea kifuniko kimoja makusudi. Akakitazama kile kilichobaki mkononi, akanitazama mimi, akasema, "Hiki hakina kwao." Nikamwambia hicho ndicho mwalimu anachokiita baki. Alicheka kana kwamba nimempa siri. Ilituchukua dakika kama ishirini.

Najua wako wazazi wasiojua kusoma, na wengi wao hujitoa mapema wakiamini hawana cha kuchangia. Marehemu mama yangu alikuwa mmoja wao. Kila siku alinikalisha na kuniambia, "Haya mwanangu, nifundishe mlichofundishwa leo." Nilijikuta nasikiliza darasani ili nisije nikakosa cha kumfundisha. Hakuwahi kujua kama nimemdanganya au la, na sikumdanganya. Nilipokuja kumsikia mwalimu wa mwanangu akisema "mara nne", uso ulionijia ni wa mama.

Kwa hiyo siku hizi daftari nalifungua kila jioni, hata ninapochoka. Kuna siku nasaini na kusinzia papo hapo. Kuna siku mwanangu ndiye ananiletea kalamu kabla sijamwita.

Mwezi ujao kuna kikao kingine cha wazazi. Darasa bado lina watoto zaidi ya sitini na mwalimu ni yuleyule mmoja. Nitasimama tena na kuuliza wa pili yuko wapi, na daftari nitakuwa nalo mkononi.