Rubani wa Simtanki

Mimi ni fundi friji. Nina miaka 47, kilo 92, na kuogelea sijui. Nimeanza na hayo ili mbele ya safari mtu asije akaniuliza, "Kwani hukujijua?" Nilijijua.

Kitovu changu kimezikwa hapahapa Dodoma, na bahari nimeiona mara tatu, zote nikiwa nimevaa viatu. Kazi hainipi shida. Tangu Serikali ihamie huku, viyoyozi vimejaa kwenye kuta za kila mtaa, na mimi ndiye wa kuvipandia. Shida ni magoti. Ukifika umri wangu, ngazi ya ghorofa mbili unaitazama kama deni.

Sasa nina shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, mpishi wa melini. Siku moja akanitumia picha kutoka kazini: mzee wa rika langu, kipara, kitambi cha heshima, kakaa kwenye kiti cha kuzunguka mbele ya skrini nne, mkononi kashika kirungu kama cha michezo ya watoto. Nikampigia.

"Huyo nani?"

"Rubani, shem. Anaendesha roboti iliyoko chini ya bahari. Roboti lenyewe kubwa kama Noah, lina mikono miwili, linafungua bolti hukohuko chini."

"Na yeye yuko wapi?"

"Si hapo? Kwenye kontena, juu ya meli. Ndani kuna kiyoyozi."

"Kiyoyozi kikifa?"

"Wanakifufua wenyewe. Wengi wao walikuwa mafundi umeme na haidroliki."

Hapo akawa amenimaliza.

Nikaanza kusoma kwenye simu kila nilipokuwa nasubiri gesi iingie kwenye friji ya mtu. Nikajua kwamba zamu ni ya saa 12, na kwamba muda mwingi hawaendeshi, wanatengeneza. Nikajua pia kwamba huko mbele ya Lindi na Mtwara, visima vya gesi vilivyogunduliwa kwenye maji marefu kuanzia 2010 vina majina ya jikoni: Pweza, Chewa, Jodari, halafu Zafarani, Tangawizi, Mdalasini, Giligilani. Ukisomewa orodha unaweza kudhani unatumwa sokoni. Zafarani iko kwenye maji ya zaidi ya mita 2,500. Kila mita 10 unazoshuka, maji yanakuongezea mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo fanya mara 250. Mimi naishi mita 1,100 na ushei juu ya bahari. Yaani kati yangu na kazi yangu mpya kulikuwa na kilomita tatu na nusu za kuteremka.

Ule waya mnene unaopeleka umeme chini na kurudisha picha juu, wenyewe wanauita kitovu. Sheria yao ya kwanza nikaiandika kwenye daftari kwa wino mwekundu: kitovu kikinasa, usikivute. Mrudishe roboti njia aliyopita. Shikeni hilo, maana mimi sikulishika.

Kuna kozi ya siku 3 ya usalama wa baharini ambako wanakufunga mkanda kwenye helikopta ya mfano, wanaizamisha bwawani, wanaigeuza kichwa chini, nawe utokee dirishani. Mama watoto alipoona video yake akaizima simu yangu kwa kidole chake mwenyewe.

"Baba, bahari iko wapi Dodoma?"

"Bahari inafuatwa."

"Basi ifuate ukishalipa ada za watoto."

Kwa kuwa kozi ni pesa, nikaamua kuanza na roboti wa kienyeji, kama tunavyoanza na kuku. Mwili nikaunda kwa mabomba ya plastiki ya nusu inchi. Mota tatu za volti 12 nikachomoa kwenye mashine mbovu, nikazifungia ndani ya vikopo na kuzizungushia nta ya nyuki kutoka Singida ili maji yasipenye. Betri ya pikipiki. Kwa macho nikafunga kamera ya rivasi ya gari, na skrini yake ndogo nikabaki nayo mimi. Kitovu kilikuwa waya wa intaneti wa mita 15. Waya ukiachwa hivihivi unazama na kumvuta roboti, kwa hiyo unatakiwa kuuvalisha maboya. Nikakata kandambili. Zilikuwa jozi mbili, na mpaka leo binti yangu anaamini ziliibwa na mbwa wa jirani.

Kazi yenyewe ngumu ni uzito. Roboti hatakiwi kuzama wala kuibuka. Ukimwacha katikati ya maji abaki katikati, kama mtoto anayesikiliza maongezi ya wakubwa. Nilikaa jioni nne mbele ya pipa naongeza nati, napunguza nati. Alipotulia nikakumbuka kwamba maji ya chumvi ni mazito kuliko haya yetu, na roboti wa Dodoma akifika baharini ataelea kama chupa. Lita moja ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Pipa langu ni lita 200. Nikanunua kilo 7. Mama watoto alipoziona jikoni akaniuliza tuna ng'ombe wangapi.

Lakini pipa ni pipa, roboti akigeuka tu kagonga ukuta. Bwawa la Hombolo lipo, ila lina tope, kamera isingeona hata pua yake. Uani kwetu, juu ya mnara wa zege, kulikuwa na simtanki la mama mwenye nyumba, la lita 5,000, linalonywesha wapangaji sita. Na Jumamosi ile mama alikuwa amekwenda kwenye kipaimara, akaniachia kazi: floti, ile koki yenye boya inayofunga maji tangi likijaa, inavuja, niitazame kabla maji ya mgao hayajaanza kutoka.

Najua mnachofikiri. Nilimuosha kwa sabuni.

Nikapanda naye asubuhi, nikamweka juu ya tangi wakati natafuta spana. Tangi lile ni jeusi, na jua la Dodoma mnalijua. Mimi, mtu niliyeishi kwa kuuza baridi, nikasahau kwamba nta inalainika. Ilipofika saa nne nikamshusha ndani.

Wallahi alikwenda vizuri! Taa ikawaka, skrini ikaonyesha ukuta mweusi, kisha sakafu yenye tope laini kama unga wa uwele. Nikaona kifuniko cha soda. Nikaona kijiko. Halafu nikaona kitu chembamba chenye vidole. Nikasogea. Alikuwa mjusi, kalala chali, mweupe pe, mikono kaitandaza kama anayepokea baraka. Kwa hali yake hakufa juzi. Nikakumbuka chai ya asubuhi ile, na ya mwezi mzima uliopita.

Nikasukuma kirungu kushoto nimkwepe. Roboti akaenda kulia. Nikaongeza kushoto, akazidi kulia. Hapa ndipo elimu ilipopungua: kamera ya rivasi inageuza picha kama kioo, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya dereva anayerudi nyuma. Kila nilipodhani namtoa kwenye kona, nilikuwa namzungusha. Alipomaliza raundi ya tatu kitovu kilikuwa kimeuvika mkono wa floti kilemba, na hapohapo nta ikaingia kwenye mota, zikanyamaza zote tatu.

Wino mwekundu ulisema nisivute. Nikavuta. Floti ikapinda kwenda chini na kubaki hivyo, mdomo wazi. Na maji ya mgao yakafika dakika ileile.

Nikaingia mwenyewe. Kuingia si kazi. Unanyoosha mikono juu, unatoa pumzi, kitambi kinapita. Ndani maji yalinifika kifuani, baridi ya kukata maneno. Nikahangaika na kilemba kile gizani, kikakataa. Nikasema nitoke nikafunge koki ya chini. Tundu lilikuwa juu ya kichwa changu, ukingo wake naufikia vizuri kwa mikono, lakini kujinyanyua kilo 92 kwa vidole kwenye plastiki yenye utelezi, hilo liliisha nilipomaliza darasa la saba.

Nikaita. Ndani ya tangi sauti inakuwa ya mtu mwingine kabisa, nzito, ya mzee wa kale. Huko chini watoto walikuwa wakicheza. Kimya kikapita, kisha kasauti kamoja: "Tangi linamwita mama." Zikasikika ndara zikikimbia.

Maji yakapanda mpaka kidevuni. Nikashika ukingo kwa mikono miwili, kisha miguu ikaacha kugusa chini, na nikagundua kwamba naelea. Sikuzama, sikuibuka. Nilikuwa nimesawazishwa kuliko roboti wangu. Naye alikuwa amejiegesha ubavuni kwangu na vipande vyake vya kandambili.

Tangi likaanza kufurika, na wapangaji, badala ya kujiuliza maji yanatoka wapi, wakatoka na ndoo. Ni siku ya mgao, nani anauliza? Nikawa nasikia furaha yao, mtu anasema leo Mungu katukumbuka, mwingine anamwambia mwenzake alete na beseni.

Maji yale ndiyo yaliyoniinua hadi tunduni. Kichwa kikatoka, mabega yakatoka, kitambi kikagoma. Nikabaki hivyo juu ya mnara, nusu nje, kama mshumaa kwenye keki. Geti likafunguka. Mama mwenye nyumba, na kitenge chake cha kipaimara, akasimama katikati ya uwanja uliogeuka mto, akanyanyua macho.

Nifanyeje? Mtu mzima yule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea, ndipo akapiga yowe.

Vijana wawili wakapanda, wakanivuta mpaka shati likabaki na wao. Mpangaji wa chumba cha tatu, muuza chipsi, ndiye aliyeleta akili: lita moja ya mafuta ya alizeti. Kwenye roboti za kweli kila kifuniko kina mpira wa duara, oringi, na hakifungwi bila kupakwa grisi. Mimi nikapakwa kiunoni, wakahesabu moja, mbili, tatu, nikatoka kwa mlio ambao watoto wanauigiza hadi leo.

Jioni nikajaza daftari, maana rubani lazima aweke kumbukumbu za saa zake: "Kina: mita 1.8. Muda majini: roboti dakika 11, rubani dakika 40. Hali ya maji: mafuta kidogo." Shemeji nilipomsomea alikata simu ili acheke vizuri, halafu akapiga tena kuniuliza ule mlio ulikuwaje.

Kuosha tangi ilikuwa haki yangu, na boza la maji mapya juu yangu. Mama mwenye nyumba akasimama chini ya ngazi akinikokotolea: boza, floti, mafuta ya mwenye chipsi, na kodi ya mwezi iliyokuwa imebakiza siku mbili. Nikamwachia amalize. Kisha nikashuka na kifuniko cha ndoo nilichokishika kama sinia, na juu yake mjusi.

Akamtazama. Akatazama kulia na kushoto, wapangaji walikuwa ndani.

"Yuko humo tangu lini?"

"Mama, mimi nimemkuta."

Akamfunika kwa ncha ya kitenge kilekile cha kipaimara. "Mwanangu," akasema taratibu, na hajawahi kuniita hivyo kabla, "boza utalipa. Hiyo kodi tutaongea."

Hatukuongea mpaka nilipohama, mwezi uliopita. Ndiyo maana sasa naandika.